Ilhamu, kipaji, jasho au wepesi: ushike mtazamo upi wa usanii?

Mtu anayetunga mashairi, anayeandika nyimbo au anayechora hufika mahali akajiuliza: hivi kazi yangu inatoka wapi hasa? Swali hili lina matokeo ya kila siku. Anayeamini kwamba shairi hushuka lenyewe ataamka usiku wa manane kuliandika likishuka, ila mchana mezani hutamwona. Anayeamini kwamba shairi ni kazi kama kazi nyingine atakaa mezani kila asubuhi, ila mstari uliomjia ndani ya daladala anaweza kuuacha upotee kwa sababu haukuja saa ya kazi. Imani yako kuhusu chanzo cha sanaa ndiyo inayopanga siku yako, inayokuambia ufute au usifute, na inayokuamulia uendelee au uache kabisa. Wapo vijana wenye uwezo walioacha kuandika huku maneno wanayo, kwa kuwa walimeza fundisho fulani la kipaji lililowaambia kwamba wao hawamo. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike ulinganisho huu.

Mitazamo minne, vipimo vitano

Mtazamo wa kwanza nauita ilhamu. Ni wa mwanafalsafa Plato wa Athens, mwanzoni mwa karne ya 4 kabla ya Kristo: mshairi mzuri hasemi kwa ujuzi wake, husemeshwa na mungu. Wa pili ni kipaji, kwa maana aliyoipa mwanafalsafa Immanuel Kant wa Königsberg katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu: wapo watu wachache ambao maumbile yenyewe yamewajalia kuipa sanaa kanuni mpya. Wa tatu ni jasho, na msemaji wake mkali ni mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Nietzsche wa mwaka 1878: kinachoitwa ilhamu ni kazi ndefu ambayo watazamaji hawakuishuhudia. Wa nne nauita wepesi. Huu unatoka China, katika maandishi yanayobeba jina la Zhuangzi, wa karne ya 4 kabla ya Kristo: mkono uliozoea vya kutosha hufika mahali ukaenda bila kuamrishwa.

Nitaipima yote kwa maswali yaleyale matano. Kazi inatoka wapi? Mafunzo na kanuni zina nafasi gani? Inaruhusu kusahihisha na kufuta? Inakuambia nini siku ambayo hakitoki kitu? Na inamwacha nani nje ya mlango? Kwangu mimi swali la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Kabla ya kuanza, jihadhari na ushahidi

Hoja nyingi za usanii wa papo hapo hutegemea visa vya watu mashuhuri, na visa vyenyewe mara nyingi vimepikwa. Mwaka 1815 gazeti la muziki la Leipzig, Allgemeine musikalische Zeitung, lilichapisha barua iliyodaiwa kuwa ya mtunzi wa muziki Mozart, ambaye alikuwa amefariki tangu 1791. Ndani yake "Mozart" anasema kazi humjia kichwani ikiwa karibu imekamilika, akaisikia yote kwa mara moja, na kuiandika kukawa ni kunakili tu. Barua ile ilienea Ulaya nzima. Watafiti wa muziki leo wanaiona kuwa ya kughushi, iliyotungwa na Friedrich Rochlitz aliyeichapisha. Maneno ya Mozart mwenyewe tunayo, nayo yanasema kinyume: mwaka 1785, alipomtunukia mtunzi mwenzake Joseph Haydn vipande 6 vya muziki wake wa ala nne za nyuzi, aliviita tunda la kazi ndefu na ya taabu.

Upande wa pili nao una chumvi yake. Edgar Allan Poe alidai mwaka 1846 kwamba shairi lake maarufu la kunguru alilipanga hatua kwa hatua kama mtu anayefanya hesabu, bila bahati wala hisia ya ghafla. Wasomaji wengi wameona kwamba maelezo hayo yamenyooka mno kuwa ya kweli. Kwa hiyo ukisikia kwamba fulani aliutunga wimbo kwa dakika tano, au kwamba aliupanga wote kwa rula, uliza kwanza ni nani anayesimulia na anapata nini kwa kusimulia hivyo.

Kazi inatoka wapi

Plato anaieleza hoja yake kupitia mazungumzo kati ya mwalimu wake Sokrate na Ion wa Ephesus, mghani wa tungo za mshairi wa kale Homer. Ion ndio kwanza amerudi na ushindi wa mashindano ya Epidaurus. Ion ana jambo linalomshangaza. Akitajwa Homer, maneno yanamtiririka. Wakitajwa washairi wengine, anasinzia. Sokrate anaikamata nafasi hiyo. Ungekuwa na ujuzi, anamwambia, ungeweza kuwazungumzia washairi wote, maana ajuaye uchoraji huweza kuwapima wachoraji wote. Ulicho nacho ni nguvu inayokupitia. Jiwe la sumaku huivuta pete ya chuma, na pete ile ikapata nguvu ya kuvuta nyingine, mpaka ukaning'inia mnyororo mzima. Jiwe ni mungu wa sanaa, pete ya kwanza ni mshairi, ya pili mghani, ya mwisho ni wewe uliyekaa kusikiliza. Mshairi ni kiumbe chepesi, chenye mabawa, kitakatifu, asiyeweza kutunga mpaka akili yake imtoke.

Wazo hilo halikufa pamoja na miungu ya Wagiriki. Mwaka 1924 André Breton aliwataka wasanii wenzake wa Paris waandike haraka bila akili kuusimamia mkono, ili kilichofichika ndani ya nafsi kijitokeze chenyewe. Mahali pa mungu pamekaliwa na nafsi isiyojitambua; sehemu nyingine zote za mnyororo zimebaki palepale.

Kant anakirudisha chanzo ndani ya mtu, ila anakificha. Newton, asema, angeweza kumwonyesha mwanafunzi kila hatua aliyopita, toka misingi ya jometri hadi ugunduzi wake mkubwa. Homer hawezi. Hawezi kueleza mawazo yake yalivyojaa na kukutana kichwani, kwa sababu hata yeye hajui, na kwa hiyo hawezi kumfundisha mwingine. Hapo ndipo Kant anapompa msanii kitu ambacho mwanasayansi, hata awe mkubwa kiasi gani, hanacho.

Nietzsche anamjibu kwa ukali. Wasanii, asema, wana faida kubwa watu wakiamini kwamba kazi ziliwashukia kama mwanga kutoka mbinguni. Ukweli ni kwamba ubunifu wa kila msanii hutoa mfululizo vitu vizuri, vya wastani na vibaya. Kinachomtofautisha aliye mkubwa ni uamuzi wake uliochongoka, unaokataa, unaochagua na kuunganisha. Anataja madaftari ya mtunzi wa muziki Beethoven: mle ndani nyimbo tamu kabisa zinaonekana zikikusanywa kidogo kidogo, toka majaribio mengi.

Haki inadai niseme pia kwamba Nietzsche huyohuyo, miaka 10 baadaye, mwaka 1888, alipokumbuka alivyoandika kitabu chake kuhusu Zarathustra, alisema maneno ambayo Plato angeyapokea kwa mikono miwili. Husikii kwa kutafuta, aliandika. Unapokea, na hujiulizi anayekupa ni nani. Wazo linamulika kama radi. Wengine huliona hili kuwa ni kujipinga. Mimi naona mtu mwaminifu aliyeandika mara mbili juu ya kitu kilekile akiwa amesimama pande mbili tofauti: mara ya kwanza akiyatazama madaftari ya mtu mwingine, mara ya pili akikumbuka hali yake mwenyewe.

Zhuangzi halijali sana swali la chanzo. Anamleta mpishi Ding, anayemkata ng'ombe mbele ya mtawala Wenhui, mkono, bega, mguu na goti vikienda pamoja kama mchezaji ngoma. Mtawala anashangaa ustadi ulivyofika hapo. Ding anamweleza kwamba alipoanza kazi alimwona ng'ombe mzima. Baada ya miaka 3 hakumwona tena ng'ombe mzima. Sasa hatumii macho. Roho inakwenda inakotaka, na kisu kinafuata nafasi zilizopo kati ya viungo. Mpishi wa kawaida hubadili kisu kila mwezi kwa sababu anapasua. Mpishi mzuri kila mwaka kwa sababu anakata. Kisu cha Ding kina miaka 19, kimeshakata ng'ombe maelfu, na makali yake ni kama kimetoka kwenye jiwe la kunolea sasa hivi.

Mafunzo na kanuni

Kwa Plato mafunzo hayamfikishi mtu. Anasema waziwazi mahali pengine kwamba anayebisha milango ya ushairi kwa ufundi mtupu, bila wazimu utokao kwa miungu, atabaki nje. Basi, zaidi ya hapo hana la kumwambia mwanafunzi.

Kant watu humsoma vibaya hapa. Wanakumbuka kipaji cha kuzaliwa, wanasahau masharti yake. Upya peke yake hautoshi, anasema, maana hata upuuzi unaweza kuwa mpya kabisa. Kazi ya mwenye kipaji ni lazima iwe kielelezo, yaani wengine waweze kuitumia kama kipimo. Tena kipaji hutoa malighafi tu. Kuitengeneza malighafi hiyo kunataka uwezo uliopita shule. Wale wanaodhani kwamba kuzitupa kanuni zote ndiko kuonyesha kipaji anawafananisha na watu wanaojigamba juu ya farasi mwenye kichaa.

Mfano ulio karibu nasi unaonyesha Kant alikusudia nini. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, bila kupita shule yoyote ya sanaa. Alikufa mwaka 1972. Miaka minne tu, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima: mnyama mmoja aliyejaza picha, mstari wa nje ulio wazi, madoa yaliyopangika, rangi zisizoogopana. Kanuni ile hakuikuta imeandikwa popote, na baada yake wengine wakaifuata. Hivyo ndivyo maumbile yanavyoipa sanaa kanuni kupitia mtu mmoja, kama Kant angesema. Lakini Kant aliona pia kitakachofuata. Aliandika kwamba mwenye kipaji huanzisha shule, na ndani ya shule wapo watakaomwiga mpaka makosa yake. Anayetaka kumfuata kwa kweli hainakili picha. Anajifunza kwa picha ile uhuru wa kutafuta ya kwake. Ukisimama mbele ya msururu wa picha za twiga zinazofanana kwenye duka la watalii, kisha ukakutana na moja ambayo mchoraji wake amethubutu, tofauti hiyo utaiona kwa macho.

Nietzsche kwenye mafunzo ndiye mwenye msaada wa mkono. Usiniambie habari za vipawa vya kuzaliwa, anasema, kisha anatoa maelekezo kwa anayetaka kuwa mwandishi wa riwaya: andika michoro ya riwaya 100 au zaidi, usiipitishe kurasa mbili, lakini kila neno humo liwe la lazima, andika visa vifupi kila siku mpaka ujue umbo lake bora, wasikilize watu wanaposimulia na utazame nyuso za wanaosikiliza. Fanya hivyo kwa miaka 10 hivi, kisha kinachotoka karakana kiruhusiwe kwenda mtaani.

Ding naye ana miaka yake, ila mafunzo kwake yana lengo tofauti: yafike mahali yasisikike tena. Mwenye kuijua desturi ya kujibizana kwa mashairi, iliyokuwa na nguvu Mombasa ya Muyaka bin Haji, ataelewa upesi. Anayejibu shairi kwa shairi palepale hana nafasi ya kuhesabu mizani 8 kwa 8 wala kusaka kina cha kati. Arudhi imeshaingia mwilini, ndiyo maana akili yake iko huru kushughulika na hoja ya mpinzani.

Kusahihisha na kufuta

Hapa ndipo mitazamo hii inapoachana kweli, na hapa ndipo msanii anapoumia au kupona.

Ukimfuata Plato kikamilifu, kufuta ni karibu kukosa adabu. Kama neno ni la mungu, wewe ni nani ulibadili? Wanaoshika mtazamo huu utawasikia wakisema "lilikuja hivyo, nimeliacha hivyo". Wakati mwingine wana haki, kwa sababu kuna mistari ambayo usahihishaji ungeiua. Ila katika mazungumzo yaleyale Plato ameacha jambo linaloipunguza nguvu hoja yake. Sokrate anamuuliza Ion kama akiwa jukwaani huwa na akili zake. Ion anajibu kwamba kwenye mahali pa huzuni macho yake hujaa machozi na kwenye mahali pa kutisha nywele humsimama. Kisha anaongeza kwamba wakati huohuo anawatazama watazamaji kwa makini, kwa sababu wakilia, yeye atacheka akipokea pesa, na wakicheka, yeye ndiye atakayelia. Mtu aliyechukuliwa na mungu, na bado jicho moja linapima ukumbi! Kila aliyewahi kupanda jukwaani anaijua hali hiyo ya kuwa wawili kwa wakati mmoja.

Kant anaruhusu kufuta, tena anaamuru. Umbo la kazi, anasema, halitoki kwa ilhamu wala kwa kurukaruka kwa nguvu za akili. Msanii hulifikia polepole, baada ya majaribio ya kuchosha, akirudia mpaka ladha yake itosheke. Na ikitokea kipaji na ladha vimegombana ndani ya kazi moja na lazima kimoja kipunguzwe, Kant anachagua kipunguzwe kipaji. Ladha hukikata kipaji mabawa na kukitia adabu. Wengi wanaomtaja kama baba wa ibada ya kipaji hawajafika kwenye ukurasa huo.

Kwa Nietzsche kufuta ndiyo sanaa yenyewe. Hakuna cha kuonea aibu kwenye rasimu mbaya. Rasimu mbaya ni udongo. Nauheshimu mtazamo huu kuliko mingine kwa sababu unaondoa hofu. Hatari yake ni mkono usiojua kuacha, unaosafisha beti mpaka uhai ukatoka.

Zhuangzi yuko katika hali ya pekee, kwa sababu ng'ombe aliyekwisha kukatwa haunganiki. Sanaa za papo hapo ziko hivyo: mtindo huru wa wachanaji, ngoma, kughani kwa kujibizana. Hakuna rasimu ya pili. Je, basi hakuna usahihishaji? Msikilize Ding anavyomalizia. Kila nifikapo penye fundo, asema, naona ugumu wake, najihadhari, macho yanatulia, mkono unapunguza mwendo, kisu nakisogeza kidogo mno, na mara nyama inaachia, inaanguka kama udongo. Usahihishaji wake umo ndani ya mwendo. Wanaosifu usanii wa papo hapo kama kujiachia tu hupaswa kulisoma fungu hilo mara mbili, kwa kuwa bingwa wao anasema wazi kwamba kwenye mahali pagumu hupunguza mwendo. Sayansi ya ubongo imegusa jambo hili kidogo: mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun wa Marekani waliwachunguza wapiga piano 6 wa jazi ndani ya mashine ya picha za ubongo, wakaona kwamba walipobuni papo hapo, sehemu zinazohusishwa na kujichunga zilipoa. Watu 6 ni wachache, na wote walikuwa weledi waliokwisha kufunzwa miaka mingi.

Kuna jioni moja inayoweka haya yote pamoja. Tarehe 22 Desemba 1808, mjini Vienna, kwenye ukumbi wenye baridi kali, Beethoven alifanya tamasha la takribani saa nne. Usiku ule Simfoni ya Tano ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza, kazi ambayo michoro yake ya awali ilianza kwenye madaftari mwaka 1804. Na usiku uleule, baada yake, Beethoven alikaa peke yake kwenye piano akabuni kipande papo hapo. Mtu mmoja, ukumbi mmoja, miaka minne ya kufuta na dakika chache za kutofuta. Ukiuliza ni yupi kati ya wanafalsafa wetu aliyepatia kumhusu Beethoven, jibu litategemea ulichelewa saa ngapi kufika ukumbini.

Siku isiyotoka kitu

Plato anakupa faraja na anakunyima kazi. Kama hakitoki kitu, hukukosea, hujatembelewa. Anatoa mfano wa Tynnichus wa Chalcis, ambaye hakuwahi kutunga kitu cha maana maishani isipokuwa utenzi mmoja wa sifa ambao kila mtu aliuimba. Kwa Plato huo ndio ushahidi kwamba mungu ndiye aliyetunga. Kwa mtu aliyekauka, Tynnichus anaweza kuwa tumaini au kitisho. Tendi zetu za kale zinaujua mtazamo huu na hazikubaki kukaa kungojea: hufungua kwa kumtaja Mungu, na mara nyingi mtungaji palepale huomba aletewe wino na karatasi. Dua na vifaa vinakwenda pamoja.

Kant siku hiyo hana msaada. Aliandika akimtazama msanii kwa nje, kama mpima kazi.

Nietzsche anakupa zoezi: kurasa mbili, kisa kimoja, leo. Zhuangzi naye ana seremala Qing, aliyechonga fremu ya kuning'inizia kengele watu wakadhani ni kazi ya mizimu. Qing anasema kabla ya kuanza hufunga ili autulize moyo. Baada ya siku 3 hafikirii tena zawadi wala cheo, baada ya siku 5 hafikirii sifa wala lawama, baada ya siku 7 amesahau kwamba ana mikono na miguu. Hapo ndipo huingia msituni kutazama miti. Kwa aliyekauka kwa sababu ya hofu ya watu watasemaje, sijaona dawa nzuri kuliko hiyo.

Nani anaachwa nje

Mlango wa Kant ni mwembamba, na historia ikaufanya mwembamba zaidi. Karne ya 19 ilichukua neno lake ikalivika sura moja: mwanamume mpweke, aliyezaliwa hivyo. Mwaka 1971 Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, aliuliza kwa nini hawajatokea wanawake wachoraji wa hadhi ya Michelangelo, kisha akaonyesha kwamba jibu liko kwenye taasisi: wanawake walizuiwa katika vyuo vya sanaa kuchora mwili wa mtu aliye uchi mpaka karibu mwisho wa karne ya 19, na bila mafunzo hayo hukuweza kufanya aina ya uchoraji iliyoheshimiwa kuliko zote. Kilichoitwa ukosefu wa kipaji kilikuwa mlango uliofungwa. Siti binti Saad anathibitisha hoja hiyo kwa upande wa pili. Sauti aliyokuwa akinadia vyungu alivyouza mitaani Unguja ilikuwa yake. Lakini alipata mwalimu wa kumfundisha kuimba, akapata wenzake wapiga ala, na mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi. Ondoa mwalimu na wapigaji, sauti ingebaki ya kunadia vyungu.

Plato kwa hili ni mkarimu wa ajabu, kwani mungu huweza kumpitia yeyote, hata Tynnichus. Gharama yake ni kwamba msanii hapati sifa ya kujua chochote, na Plato huyohuyo katika mji wake bora anawafungia washairi wengi nje. Nietzsche anasema mlango uko wazi kwa kila mwenye miaka 10 ya kufanya mazoezi, bila kuuliza nani anaweza kuimudu miaka 10 isiyo na mshahara. Ding ni mtumishi wa jikoni anayemfundisha mtawala, na hilo linanipendeza. Ila ng'ombe wake tayari ana viungo. Mtazamo wa wepesi haujibu vizuri swali la kitu ambacho hakijawahi kuwapo, na hapo Kant ndiye anayebaki na la kusema.

Upi ukufae kwa hali yako

Kama ndio unaanza na una daftari tupu, chukua jasho. Kurasa mbili kwa siku, kila neno la lazima, na usijiulize kwa mwaka mzima kama una kipaji.

Kama sanaa yako haina rasimu ya pili, unachana jukwaani, unacheza au unajibizana kwa mashairi, mwalimu wako ni Ding. Jizoeze vina na mizani peke yako mpaka usivisikie, na siku ya siku, penye fundo punguza mwendo.

Kama umelelewa ndani ya mtindo wa mwalimu au wa shule na kazi zako zimeanza kufanana na za wenzako, soma Kant. Weka kazi ya mwalimu wako mbele yako, uchague kanuni moja aliyoivunja yeye kwa wakati wake, kisha utafute ya kwako ya kuvunja.

Kama una tarehe ya kukabidhi, jasho na ladha ya Kant vitakufikisha. Ilhamu ikija njiani, ipokee.

Kama umechoka, umekauka, na unajilaumu, jiruhusu mtazamo wa ilhamu kwa muda. Ni kweli kwamba mengine huja bila kuitwa. Kaa karibu na wino na karatasi, na kama kinachokubana ni macho ya watu, jaribu njia ya Qing: zima simu, acha kuhesabu nani amependa kazi yako iliyopita, siku zipite.

Kama ulipata kazi moja iliyopendwa na nyingine zote hazikusikika, una usomaji wa aina mbili. Plato atakuambia ulitembelewa mara moja na hilo si dogo. Nietzsche atakuuliza rasimu za ile kazi ziko wapi. Zitafute, uone ulikata nini, ulibakiza nini.

Na kama wewe ni mwalimu au mlezi wa kikundi cha wasanii wachanga, usitumie mtazamo wa kipaji kuchagua nani aendelee. Kant alikitumia kueleza kazi zilizokwisha kukamilika, ambazo wengine walikuwa tayari wamezifanya vipimo. Mtoto wa miaka 14 aliyeleta beti tatu zenye vina vibovu hana kazi ya namna hiyo bado. Mpe kalamu nyingine, msikilize anavyosimulia, na mwambie arudi na beti ya nne.